Raba Kwanza, Besi Baadaye: Jinsi ya Kuchagua Visikizi vya Masikioni

Gari la Nakuru likiondoka Kisumu saa 12 asubuhi, nusu ya abiria huwa wamekwisha kuziba masikio kabla hatujafika Nyamasaria. Mimi ni mmoja wao. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, kwa hiyo siku ya kawaida nakaa na visikizi saa tano au sita, na mara mbili kwa mwezi nasafiri Nakuru kuchukua kazi mpya. Miaka kadhaa iliyopita nilishuka Nakuru nikiwa na mlio mwembamba katika sikio la kushoto, kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa. Haukunyamaza hadi kesho yake mchana. Nilijua nimepandisha sauti kupita kiasi njia nzima. Kilichonichukua muda kuelewa ni kwa nini niliipandisha: raba ya upande wa kushoto, kile kifuniko laini kinachoingia sikioni, ilikuwa inapwaya.

Raba ikipwaya, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Besi, yaani zile sauti nzito za chini, hutorokea nje kupitia ule mwanya, na mngurumo wa injini huingia kupitia mwanya huo huo. Muziki unakuwa mwembamba kama unatoka ndani ya kopo, kisha unamezwa na gari, na kidole kinakwenda chenyewe kwenye kitufe cha sauti. Watu wanaoniomba ushauri kuhusu visikizi, au iyafoni kama wengi wanavyoviita, huanza kwa kuuliza kampuni gani ni nzuri. Mimi huwauliza kwanza raba zao zinakaa vipi.

1. Jua utasikilizia wapi

Hili lisikuchukue zaidi ya dakika moja. Kama muda mwingi uko kwenye matatu au karibu na jenereta, unahitaji visikizi vinavyoziba sikio sawasawa. Kama uko ofisini kwenye utulivu na unataka kumsikia mtu akikuita, vile vya kukaa tu mlangoni mwa sikio, visivyo na raba, vinatosha na havichoshi. Lakini hivyo vya mlangoni havizuii kelele hata kidogo, na ukipanda navyo gari utajikuta umeongeza sauti hadi mwisho. Nakuomba usivinunue kwa ajili ya safari, hata vikiwa na jina kubwa.

2. Pima raba kabla ya kupima kitu kingine

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na haukunyooka, una kona. Upana hutofautiana mtu na mtu, na kwa mtu yuleyule sikio la kulia na la kushoto huenda yasilingane. Ndani ya boksi la visikizi vya maana huwa kuna jozi tatu za raba, ndogo, za kati na kubwa, na zilizovalishwa kiwandani kwa kawaida ni za kati. Watu wengi hawazigusi zile nyingine kabisa. Zinabaki kwenye droo pamoja na karatasi ya maelekezo, huku mwenyewe akilalamika kwamba visikizi havina besi.

Fanya hivi. Kaa mahali penye utulivu. Kwa sikio la kushoto, pitisha mkono wa kulia nyuma ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio na uivute juu na nyuma kidogo. Mfereji utanyooka. Kwa mkono wa kushoto ingiza kisikizi ukikizungusha taratibu, kisha achia sikio likirudi mahali pake liishike raba. Rudia upande wa pili. Wengi wetu tumezoea kukisukuma tu kwa kidole gumba, na ndiyo maana hudondoka tukiinama.

Sasa sema "mmm" bila kucheza muziki wowote. Sauti yako ikivuma ndani ya kichwa kama uko ndani ya mtungi, raba imeziba. Ikivuma upande mmoja tu, ule mwingine unavuja. Baada ya hapo cheza wimbo wenye gitaa la besi na ubonyeze visikizi ndani kidogo kwa vidole. Besi ikiongezeka unapobonyeza na kupungua unapoachia, raba ni ndogo, vaa kubwa zaidi. Mwisho, tafuna kitu. Taya linapocheza, mfereji wa sikio hubadilika umbo, na raba iliyoonekana imekaa vizuri inaweza kufunguka katikati ya karanga. Mimi hatimaye niligundua kwamba sikio langu la kulia linataka raba ya kati na la kushoto linataka kubwa. Hakuna sheria inayosema lazima zifanane, na tangu nilipozitenganisha sijasikia tena ule mlio.

Vikae masikioni dakika 20 kabla hujaamua. Ukisikia kubanwa ndani ya mfereji, jaribu raba ndogo zaidi au laini zaidi. Lakini maumivu yakiwa nje, kwenye lile bakuli la sikio, tatizo ni umbo la kisikizi chenyewe na raba haitakusaidia. Tafuta aina nyingine yenye mwili mdogo. Wauzaji husema "vitalainika vikizoea". Plastiki haizoei. Sikio ndilo linaloota kidonda.

Kuna pia raba za sponji. Unaibinya kwa vidole hadi iwe nyembamba, unaiingiza, unaishikilia sekunde kadhaa, nayo inafura polepole na kujaza mfereji wote. Kwa kuzuia kelele ni bora kuliko za silikoni. Tabu yake ni joto letu la ziwani: zinanyonya jasho na nta, zinachafuka upesi, na baada ya miezi michache zinapoteza uwezo wa kufura. Mimi hutumia sponji safarini na silikoni kazini, na nadhani mpango huo unamfaa mtu yeyote anayesafiri mara kwa mara.

3. Waya au Bluetooth

Vyenye waya havihitaji chaji, haviachi midomo ya msemaji ikitangulia sauti kwenye video, na kwa pesa ileile mara nyingi hutoa sauti safi zaidi kwa sababu hukulipia betri wala redio. Ila angalia simu yako kwanza. Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 ilipokuja bila lile tundu la duara la milimita 3.5, simu nyingi zimefuata njia hiyo. Kama yako ina tundu la USB-C pekee, utahitaji visikizi vya USB-C au adapta, na hapa kuna mtego: simu nyingine hutoa sauti ya muziki moja kwa moja kupitia tundu hilo, nyingine hutoa data tu na hutaka adapta yenye kijisakiti cha kuigeuza data hiyo iwe sauti. Ndiyo maana adapta moja hufanya kazi kwa simu ya rafiki yako na kunyamaza kabisa kwa yako. Ijaribu dukani, kwenye simu yako mwenyewe.

Waya una kero moja: ukigusa shati, mkwaruzo wake unapanda hadi sikioni. Upitishe juu ya sikio na uushushe kwa nyuma, na kelele hiyo itapungua sana. Ukipata visikizi vyenye waya wa kuchomoka, kama baadhi ya vile vya KZ kutoka China, chukua. Waya ndio unaokufa kwanza, hasa pale karibu na pini, na kununua waya mpya ni rahisi kuliko kununua kila kitu upya. Hata ule usiochomoka, fundi mwenye mkono mzuri anaweza kukata pini na kuchomelea nyingine.

Visivyo na waya vinapendwa, na sababu ninaielewa. Kwenye gari lililojaa, waya hunasa kwenye mkoba wa jirani. Jua tu kwamba ndani yake kuna betri ndogo sana ya lithiamu, na kila mwaka itashika chaji kidogo zaidi. Kwa nyingi, betri ikichoka hakuna fundi wa kuibadilisha. Jasho nalo ni suala la kweli kwetu. Alama ya IPX4 kwenye boksi maana yake ni kwamba visikizi vinavumilia maji ya kurukia kutoka pande zote, basi jasho la kutembea halitaviua. IPX7 ni kuvumilia kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Mara nyingi alama hiyo inahusu visikizi peke yake, kikasha cha kuchajia hakimo, kwa hiyo vipanguse kabla ya kuvirudisha.

Utasikia pia habari za kodeki, yaani namna sauti inavyofungashwa ili isafiri hewani. SBC ipo kwenye kila kifaa cha muziki cha Bluetooth, AAC ndiyo ya simu za Apple, LDAC ilitengenezwa na Sony, na kodeki yoyote haina faida mpaka simu na visikizi vyote viwili viwe nayo. Nimekaa na visikizi vya kila aina hizo. Tofauti kati ya raba inayoziba na inayovuja niliisikia kwa sekunde moja. Tofauti ya kodeki nililazimika kufumba macho kuitafuta.

Kitu kinachostahili pesa ya ziada ni mfumo wa kuzima kelele. Maiki ndogo husikiliza mngurumo wa nje, kisha kisikizi hutengeneza wimbi lililo kinyume chake na mawili hayo hufutana. Unafaa hasa kwa kelele nzito isiyobadilika, mfano injini au feni. Kelele za ghafla na sauti za watu hazizimi vizuri, kwa hiyo makanga utaendelea kumsikia. Nao pia unategemea raba: penye mwanya, nusu ya kazi hiyo inapotea.

4. Kusikiliza kwa makini

Boksi limejaa namba. "20 Hz hadi 20,000 Hz" ni mipaka ya usikivu wa kijana mwenye masikio mazima, na utaikuta imechapishwa hata kwenye visikizi vya shilingi 200, kwa hiyo haikwambii lolote. Ukubwa wa spika kwa milimita nao haukwambii ubora. Spika ya milimita 6 iliyotengenezwa vizuri huishinda ya 13 iliyotengenezwa ovyo. Kwa vyenye waya, ukiona omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 16 hadi 32, simu ya kawaida itavisukuma bila shida. Hapo namba zimekwisha, kazi iliyobaki ni ya masikio.

Nenda dukani ukiwa na nyimbo zako kwenye simu, unazozijua kwa moyo, na usikubali kupimiwa kwa wimbo wa muuzaji. Mimi hutumia vitu vinne.

Wa kwanza ni nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo, rekodi ya mtu mmoja bila bendi. Chombo hiki kina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, anayoigonga kwenye ubao wa chombo, na njuga za gara mguuni. Kwa hiyo katika rekodi moja unapata mti, chuma, uzi na koo la binadamu. Kwenye visikizi vizuri, mgongano wa pete una mlio mkavu wenye mwanzo na mwisho, na gara zinasikika kama njuga nyingi, moja moja. Kwenye vibovu, gara zinageuka mvua juu ya mabati na pete inapotea ndani ya nyuzi. Sijapata kipimo kinachozidi hiki, na nimejaribu vingi.

Wa pili ni benga, muziki wa magitaa wa Waluo. Hapa fuata gitaa la besi peke yake kwa dakika nzima. Benga haipigi besi ya kukaa chini na kunguruma. Besi yake inatembea, inazungumza na gitaa la mbele. Ukiweza kuimba mstari wa besi kwa mdomo ukiwa unasikiliza, visikizi vinafaa. Ukisikia vishindo tu visivyo na noti, hiyo ni besi ya kupuliziwa ili iuzike.

Wa tatu ni ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, zile ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma hupigwa kwa seti ya tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Je, unazitofautisha zikishika kasi, au zimekuwa ngoma moja?

Wa nne hauna muziki. Cheza taarifa ya habari au mahojiano. Sikiliza maneno yenye "s" na "sh", kama "shilingi sitini na sita". Yakichoma sikio kama sindano hata sauti ikiwa chini, baada ya saa moja utakuwa umechoka na kichwa kinauma. Kwa kazi yangu kipimo hiki ndicho kinachoamua, na nadhani kinapaswa kuamua kwa kila mtu anayesikiliza mahubiri, masomo au redio zaidi ya muziki.

Jambo moja lishike sana: visikizi vyenye sauti kubwa zaidi hudanganya sikio kwamba ndivyo bora zaidi. Muuzaji anajua, ndiyo maana atakupandishia. Ukilinganisha vya aina mbili, shusha vile vyenye nguvu hadi msemaji asikike kwa ukubwa uleule kwenye vyote, halafu ndipo uamue.

Vilevile, usidhani hoja hii ya kuziba ni ya kwangu. Mwaka 1991 kampuni ya Marekani ya Etymotic, iliyoanzishwa na mwanasayansi wa usikivu Mead Killion, ilitoa visikizi vya ER-4 ambavyo vilitegemea raba kuingia ndani na kuziba kabisa, pamoja na aina ya spika ndogo iliyotoka kwenye vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Walioanza kuvijenga hivi vidude walikuwa watu wa masikio kwanza.

5. Dukani

Kwenye vibanda vya simu vya Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, mazungumzo huwa karibu yaleyale.

"Mama, chukua hii. Ni orijino, besi yake inapasua."

"Kijana wangu, besi nitaisikia mwenyewe. Niruhusu nivalishe raba zangu kwanza."

"Raba zako? Hizi ni mpya, mama."

"Najua. Lakini zimeingia masikio mangapi tangu asubuhi?"

Sijapata kijana aliyekasirika kwa swali hilo. Wengi hucheka na kunipa. Mimi hubeba kwenye mkoba jozi mbili za raba zangu na pamba iliyoloweshwa spiriti. Uchafu na maambukizi ya sikio huhama kwa raba, na visikizi vya kujaribia dukani havioshwi. Kwa sababu hiyohiyo usimwazime mtu vyako bila kubadilisha raba, hata akiwa ndugu.

Feki ziko nyingi, hasa za majina yanayotafutwa. Soma boksi herufi kwa herufi, maana jina lililokosewa herufi moja hutokea mara nyingi kuliko unavyofikiri. Angalia alama za kushoto na kulia, mshono wa plastiki kama umekaa sawa, na wavu mdogo mdomoni mwa kisikizi kama umebandikwa vizuri. Baadhi ya kampuni huweka namba ya kukwangua unayoithibitisha kwenye tovuti yao. Ithibitishe ukiwa bado umesimama dukani. Cheza sauti upande wa kulia peke yake, kisha kushoto, uone kama zinalingana. Piga simu moja na umwulize uliyempigia kama anakusikia vizuri. Dai risiti iliyoandikwa aina kamili, tarehe na muda wa waranti, na usitoke kwa ahadi ya mdomo.

Kuhusu bei, vile vya shilingi 200 vya barabarani nitavinunua nikiwa nimekwama safarini, nikiwa na raba zangu. Mtu mwenye 1,500 hadi 3,000 na subira ya kujaribu anaweza kupata vyenye waya vinavyomfaa miaka mingi. Ukiwa na zaidi ya hapo, lipia mfumo wa kuzima kelele kabla ya kulipia jina.

6. Kiasi cha sauti, na hesabu yake

Ndani ya kila sikio, sehemu inayoitwa koklea, kuna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000 zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa ubongo. Tunazaliwa nazo hizo tu. Zikifa hazioti nyingine. Hazifi kwa kishindo kimoja peke yake. Hufa pia kwa kuchoshwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na mtu hasikii maumivu yoyote.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha mtu mzima kuwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Fuata hesabu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, 92 ni saa mbili na nusu, 95 ni saa moja na robo. Hiyo ni kwa wiki nzima. Safari ya Kisumu hadi Nakuru ni saa nne hivi kwenda na nne kurudi. Anayesikiliza kwa desibeli 89 njia nzima amekwisha kuvuka kipimo cha wiki kabla hajafika nyumbani, na bado hajagusa kazi wala redio ya jioni. Kwenye 100, kipimo cha wiki nzima ni dakika 20 na ushee, na simu nyingi zinafika hapo.

Namna ninayoifuata ni hii. Kabla ya kuondoka, chumbani penye utulivu, weka sauti kiasi ambacho unasikia maneno yote bila kukaza sikio. Angalia alama imefika wapi na uiache hapo. Isipite asilimia 60 ya mwisho wake. Ukifika barabarani na maneno yanamezwa, usiguse kitufe, gusa raba. Visikizi vilivyoziba sawasawa vinaweza kupunguza kelele za nje kwa desibeli 20 hivi, na hakuna kitufe cha sauti kinachokupa faida kama hiyo bila kukudai sikio.

Na kuna jambo la njia yetu hii ambalo halimo kwenye maelekezo ya boksi lolote. Kutoka Ahero na Awasi gari linapanda kwenda Kericho, na hadi Mau Summit umepanda zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa. Shinikizo la hewa hubadilika na masikio huziba kwa ndani. Muziki unafifia, na dereva naye kashusha gia, injini inanguruma. Hapo ndipo nilipokuwa nikiongeza sauti kila safari. Halafu tukianza kuteremka kuelekea Salgaa masikio yanafunguka "pa!" na ile sauti iliyoongezwa mlimani inaingia yote. Siku hizi tukipita majani chai natoa visikizi, nameza mate au natafuna mahindi ya kuchoma, nasubiri masikio yafunguke, ndipo navirudisha. Sauti huwa ileile niliyoiacha.

Simu nyingi sasa zina onyo la sauti kubwa na sehemu ya kuweka kikomo kisichopitwa. Kiweke. Kwa mtoto kiweke kwa namba ya siri. Na kwa kila saa moja, toa visikizi dakika kadhaa.

7. Usivivae hapa

Usivae ukiendesha bodaboda au baiskeli, wala unapovuka barabara au reli. Kondele, hapa Kisumu, magari hutokea pande zote na honi ndiyo onyo pekee unalopata. Abiria wa bodaboda naye aviweke mfukoni, kwa sababu dereva akisema "shika" abiria anahitaji kusikia. Baadhi ya visikizi vina hali ya kupitisha sauti za nje; inafaa ukiwa unatembea kando ya barabara, lakini mimi siiamini kwa kuvuka. Usilale navyo pia. Ukilalia ubavu, raba inasukumwa ndani usiku kucha.

Ukitoka kuogelea ziwani, kausha masikio kabisa kwanza. Maji yaliyofungiwa ndani kwa raba ni mwanzo wa maambukizi ya mfereji. Sikio linalotoa usaha lisivae chochote hadi lipone.

8. Usafi, na wakati wa kwenda hospitali

Kisikizi kikipoteza sauti upande mmoja, usikitupe. Mara nyingi ni nta iliyoziba ule wavu. Vua raba, elekeza mdomo wa kisikizi chini, na usugue wavu kwa mswaki mkavu laini ili uchafu uanguke nje. Raba za silikoni zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, zikauke kabisa kabla ya kuvalishwa. Mimi huziosha kila Jumapili jioni na kuzianika usiku kucha. Visikizi vyenyewe visiguswe na maji. Sponji hupanguswa tu, na zikichoka zibadilishwe.

Sikio lenyewe usilichokonoe kwa vijiti vya pamba. Vinaisukuma nta ndani zaidi, na raba inakuja kuishindilia. Nta iliyoziba husafishwa kliniki.

Ukisikia mlio baada ya kusikiliza, pumzisha masikio siku hiyo na kesho yake. Usipokwisha, au ukianza kuwaomba watu warudie maneno, nenda upimwe usikivu. Kisumu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ni mahali pa kuanzia. Lakini sikio likikata ghafla, leo unasikia na kesho upande mmoja kimya, hiyo ni dharura na haingoji Jumatatu. Matibabu yake hufanya kazi vizuri yakianza mapema.

Na ikitokea umetoa kisikizi na raba imebaki ndani, usiifuate kwa pini wala kibanio. Utaisukuma kwenye kiwambo cha sikio. Nenda hospitali, na uchukue ile raba ya pili ya jozi uende nayo, daktari aone anachokitafuta kina umbo na ukubwa gani.